Maziwa Yaliyofurika Kihanga na Mbunifu Halisi wa Sufuria Mbili

Vijana wangu wa kitengo cha vipindi vya afya,

Mwezi uliopita nililetewa nyumbani kijarida kinachoeleza historia ya kitengo chetu. Karatasi ni nzuri na picha zinang'aa. Ila ukurasa wa tisa una sentensi mbili zilizonifanya niweke kikombe cha chai chini. Ya kwanza inasema kwamba njia ya sufuria mbili ya kuua vijidudu katika maziwa "ilibuniwa na wataalamu wa kipindi." Ya pili inasema kwamba wafugaji wa Karagwe "hatimaye waliachana na imani potofu." Nimestaafu, sijafariki. Nilikuwapo, nilikuwa mratibu wa kipindi hicho, na daftari ninalo. Sentensi zote mbili si za kweli, na zisiposahihishwa sasa mtazinakili ninyi, kisha watakaowafuata watazinakili kutoka kwenu, kama tulivyokuwa tukinakili barua za mwaka uliopita kwa kubadilisha tarehe.

Kwa hiyo naandika tangu mwanzo, kwa utaratibu. Masuala ya vyeo na mishahara nayaacha katika jalada langu binafsi, ambalo nilipoondoka lilikuwa bado linatafutwa.

Niliingia kazini nikitokea kwenye ualimu wa shule ya msingi huko Muleba. Siku ya kwanza nilivaa suruali iliyopigwa pasi na tai ya buluu, nikidhani televisheni ya umma ni mahali pa kukaa mbele ya kamera. Aliyenipokea alikuwa Bi. Mwanaidi, mwandaaji wa vipindi, mwanamke wa Tanga aliyekuwa amezunguka mkoa wa Kagera kuliko wenyeji wake. Alinitwika betri ya kamera yenye uzito wa mkungu wa ndizi, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umevaa tai, mwanangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Vizuri. Itatufaa."

Kabla ya saa kumi jioni tai ile ilikuwa imefunga mguu wa tripodi uliokuwa umelegea, na haikurudi shingoni mwangu tena. Naitaja kwa sababu ndiyo kifaa cha kwanza nilichochangia katika utangazaji wa nchi hii, na hakimo kwenye kijarida.

Bi. Mwanaidi ndiye aliyenifundisha kutunza daftari la kanda. Wengi wenu mnadhani daftari hilo ni la kuandika namba ya kanda na dakika. Hapana. Yeye alitaka niandike nani amesema nini hata kamera ikiwa imezimwa. "Watu husema ukweli kabla hujawasha na baada ya kuzima," aliniambia. "Hapo katikati wanasalimia taifa." Niliandika agizo hilo katika ukurasa wa kwanza na nimelitii miaka yote, ila mara moja niliandika bila kuzingatia nilichoandika. Mara hiyo moja ndiyo kiini cha maelezo haya.

Kipindi changu cha kwanza kilihusu funza, na tulikirekodi Nyakatuntu, wakati Kyerwa na Karagwe zilipokuwa bado wilaya moja. Ili kuwastahi wagonjwa tulikubaliana kutoonyesha sura zao, tukapiga picha za miguu peke yake. Niliona huo ni ustaarabu mkubwa. Kipindi kiliporushwa, wanakijiji walikusanyika kwenye ukumbi wa parokia uliokuwa na televisheni na jenereta, nasi tukaenda kutazama pamoja nao. Mguu wa kwanza ulipotokea, ukumbi mzima ulipiga kelele kwa furaha: "Katekista!" Mahali ambapo watu wamelima pamoja tangu utotoni, mguu ni sura. Katekista naye hakukasirika. Alisimama, akavua viatu, akapanda juu ya benchi na kuonyesha nyayo zilizopona, akizigeuza upande huu na upande ule kama mtu anayeuza viazi. Wiki hiyo foleni ya zahanati ilifika barabarani. Tulisifiwa kwa kipindi, lakini naomba ieleweke kwamba kazi ile ilifanywa na nyayo za katekista.

Sasa nafikia maziwa.

Baada ya miaka kadhaa Bi. Mwanaidi alihamishiwa makao makuu, nami nikaachiwa uratibu nikiwa na ofisi ya chumba kimoja Kayanga. Nilikuwa na mpigapicha mmoja, Salehe, kijana wa Pangani mwenye jicho zuri na mdomo usio na mlango. Tukaagizwa kuandaa mfululizo kuhusu brusela, ugonjwa ambao ng'ombe humpa binadamu kupitia maziwa mabichi, na ambao huja na homa inayokwenda na kurudi hata mgonjwa akadhani ni malaria isiyosikia dawa. Kwa mjamzito ni hatari zaidi, kwa kuwa unaweza kuharibu mimba. Ujumbe wetu ulikuwa mfupi: chemsha maziwa.

Tulipelekwa Kihanga, kwa familia ya wafugaji. Mwenye nyumba alikuwa mjane aitwaye Kokubanza, ambaye kila mtu alimwita Ma Kokubanza, kama ilivyo heshima ya huku kwa mwanamke mtu mzima. Aliishi na mwanawe Audax, aliyechunga ng'ombe, na mke wa Audax, Jovina, binti wa wakulima wa Kaisho. Jovina alikuwa amepoteza mimba mbili. Hospitali iliwapima yeye na mumewe, ikakuta brusela, ikawatibu wote wawili, na daktari akawaambia kwamba dawa haitakuwa na maana wakirudi kunywa maziwa mabichi. Tulipofika alikuwa na mimba ya tatu, bado changa.

Tatizo lilikuwa kwamba maziwa ya nyumba ile hayakuwa chini ya Jovina. Yalikuwa chini ya mama mkwe. Yeye ndiye aliyefukiza kwa moshi wa nyasi kila ekyanzi, yaani vile vyombo vya mti vya maziwa, na yeye ndiye aliyemmiminia kila mtu. Mke aliyeolewa katika nyumba ya ng'ombe kisha akakataa maziwa yake ni sawa na kusema nyumba hiyo ina sumu. Na maziwa kuwekwa motoni lilikuwa jambo lisilotajwa.

"Kwetu Kaisho tunachemsha, mama," Jovina alisema kwa sauti ndogo, huku Salehe akifunga tripodi.

"Kwenu mnanunua maziwa kwa kikombe," Ma Kokubanza alijibu. "Atakayeumia si ng'ombe wenu."

Hata hivyo alikubali. Alikuwa amezika matumaini mawili ya wajukuu, na hakuwa mtu wa mawe. Aliniita pembeni, kamera ikiwa imezimwa, akaniambia: "Mtachemsha mara moja, nione. Lakini yasimwagike motoni. Maziwa yakiungua motoni, kiwele kinaungua huko nje." Niliandika katika daftari: *Mama mwenye nyumba anasema yasimwagike motoni.* Nikafunga daftari. Mimi ni mtoto wa migomba na kahawa. Nilidhani ananiambia nisimchafulie mafiga.

Sufuria ikawekwa. Jovina akachochea kuni. Maziwa yakaanza kupanda, meupe, yakivimba polepole hadi ukingoni, na Salehe akanong'ona bila kutoa jicho kwenye kamera: "Mzee, picha hii ni dhahabu. Asiepue."

Jovina alinyoosha mkono kuiepua sufuria. Nami, mratibu, mwenye ubao wa kuhesabia kanda mkononi, nikasema: "Acha yapande."

Hayo ndiyo maneno yangu kamili. Kwingineko kijarida kinasema "ajali ndogo ilitokea wakati wa kurekodi." Haikuwa ajali. Ilikuwa amri, na niliitoa mimi.

Maziwa yalifurika. Moto ulilia, harufu ya kuungua ikajaa jiko zima, na Ma Kokubanza akajifunika uso kwa khanga. Audax alitoka mbio kwenda zizini kama mtu aliyesikia mtoto akilia. Tuliomba radhi kwa uchafu, tukakusanya vifaa, tukaondoka.

Kosa lingeishia hapo lingekuwa kosa la kawaida. Lakini wakati wa kuhariri tuliona kwamba picha ya maziwa yanayofurikia motoni ndiyo nzuri kuliko zote, kwa hiyo hatukuiweka katikati ya kipindi. Tuliiweka mwanzoni, chini ya jina la kipindi na muziki wake. Kila Jumatano, kabla ya taarifa ya habari, nyumba zote za wafugaji zenye televisheni, na kila ukumbi na duka ambalo watu walikusanyika, zilitazama maziwa ya Ma Kokubanza yakiungua tena upya. Kwa mwendo wa taratibu. Salehe ndiye aliyependekeza mwendo wa taratibu, nami nikamsifu.

Baada ya kipindi cha nne Audax alifika ofisini Kayanga kwa baiskeli, akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, Bwana Mratibu."

"Marahaba. Karibu. Mama hajambo?"

"Mama ameuona ule moto mara nne. Anautazama ukumbini, parokiani. Kila Jumatano watu wanageuka kumwangalia yeye badala ya televisheni."

Nikamwambia kwamba pole, lakini ujumbe unafika. Akatikisa kichwa.

"Bihogo amevimba kiwele. Chuchu moja haitoi kitu."

Bihogo alikuwa ng'ombe mkubwa wa nyumba ile, mwekundu wa kuiva, ambaye ndama wake ndio waliolipa mahari ya Jovina. Audax alieleza yaliyofuata akitazama sakafu. Mama yake alikuwa amemrudisha Jovina kwao Kaisho na mimba yake. Hakumtukana wala hakumfukuza. Alimfungia mzigo vizuri na kumpa ndizi za njiani. Ila alimwambia arudi siku atakayokuwa tayari kunywa kama nyumba inavyokunywa.

Naomba mlione jambo hili waziwazi kama nilivyolazimika kuliona mimi baadaye. Akirudi kwa sharti hilo, angeweza kupoteza mimba ya tatu. Asiporudi, angempoteza mume na nyumba. Na aliyemweka katika njia panda hiyo hakuwa mama mkwe. Alikuwa amekaa mbele ya Audax, na kalamu tatu mfukoni.

Sikuelewa hayo mara moja. Kwanza nilifanya jambo la kiofisi: niliandika rasimu ya kipindi cha tano chenye kichwa "Imani Potofu Zinazoua." Nilimpigia simu Bi. Mwanaidi makao makuu nimsomee. Alisikiliza hadi mwisho, ambao ulikuwa mbali.

"Huyo mama," aliuliza, "alikuambia au hakukuambia?"

"Kuhusu nini, bibi?"

"Usiniulize mimi. Fungua daftari."

Nikafungua. Kauli yake ilikuwapo, kwa mwandiko wangu, wino mweusi, na nilikuwa nimeipigia mstari chini yake. Alituruhusu kwa sharti moja, tukapokea ruhusa na kuliacha sharti jikoni. Rasimu ile niliichana. Siku iliyofuata niliagiza picha ya moto iondolewe mwanzoni mwa kipindi, na ikawekwa ya ng'ombe wakitoka kunywa maji.

Kabla ya kwenda Kihanga nilipitia Kaisho kumwona Jovina. Nilimkuta akipukuchua maharage na mama yake. Nikamwuliza anataka nini, kwa sababu katika kurasa zote za daftari nilizojaza nyumbani kwake, swali hilo halikuwamo.

"Sitaki mtoto asiye na kwao, baba," alisema. "Wala sitaki kwao kusiko na mtoto. Na yule mama nampenda. Ni mkali, lakini mimba ya pili ilipotoka alilala sakafuni kando yangu siku tisa."

Tulifika Kihanga watatu: mimi, Salehe, na daktari wa mifugo aitwaye Elieza, mtu mpole mwenye mkoba wa dawa na kipimajoto kirefu. Ma Kokubanza alikuwa amekaa mlangoni.

"Shikamoo, Ma Kokubanza."

"Marahaba. Umekuja na moto au bila moto?"

"Bila moto, mama."

"Kaa."

Nilifungua daftari, nikamsomea mstari ule kwa sauti. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia. Niliandika. Kisha nikafanya kinyume."

"Watu wa serikali huwa hawasemi hivyo."

"Mimi ni wa televisheni, mama."

"Hao ndio kabisa." Akaegemea mlango. "Basi, mimi nimekusikia. Kamwombe radhi mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Bihogo."

Nilidhani ananitania. Audax alikuwa tayari ameshafungua lango la zizi. Nikaingia na viatu vyangu vya ofisini na jalada kwapani, nikasimama mbele ya ng'ombe mwenye pembe zilizonizidi urefu wa mikono.

"Ndugu Bihogo," nilianza, kwa kuwa sikujua anastahili kuitwaje.

"Hajui Kiswahili," Ma Kokubanza alisema kutoka langoni.

Nikaanza upya kwa lugha ya nyumbani.

"Hicho Kihaya cha Muleba, mama," Audax akalalamika. "Huyu amezoea Kinyambo."

"Ataelewa. Ila atacheka."

Niliomba radhi kikamilifu, nikitaja kosa, siku ya tukio na mhusika. Salehe aliinua kamera, nikamkataza. Daftari linasema: *Zizini, hakuna picha.* Kwa kukosa picha, amelisimulia tukio hilo kwa mdomo kuanzia Kayanga hadi Bukoba, na simulizi imekuwa ikinenepa. Nachukua nafasi hii kusahihisha rasmi: sikupiga magoti. Niliinama, kwa sababu kiatu kilinasa kwenye tope.

Daktari Elieza alimkamua Bihogo hadi uchafu wote ukatoka, akampa dawa kwenye chuchu, akaeleza kwa upole kwamba huu ni ugonjwa wa kiwele, unatokana na vijidudu na una jina lake.

"Hilo ni jina lake," Ma Kokubanza alikubali. "Sababu yake ninaijua."

Daktari alikuwa na busara ya kufunga mkoba bila kujibu. Vijana, jifunzeni hapo. Wataalamu wengi wameshinda mabishano na kupoteza nyumba nzima.

Tulirudi mlangoni, tukakaa. Nilikuwa na hotuba tayari, lakini yeye ndiye aliyeuliza, akimgeukia daktari:

"Huo ugonjwa ulio ndani ya maziwa. Unaogopa moto, au unaogopa joto?"

Elieza alifikiri. "Joto, mama. Moto wenyewe hauna habari nao."

"Basi maziwa yauone moto kwa sababu gani?"

Ma Kokubanza aliinuka, akaingia jikoni, akatoka na sufuria kubwa. Akaijaza maji nusu, akaiweka mafigani, kisha akaweka ndani yake sufuria ndogo ya maziwa, juu ya kijiwe bapa ili isiguse chini. Alisema ndivyo anavyoyeyusha siagi ya kupaka watoto wachanga, isije ikaungua. Maji yakachemka. Yalipofurika, yalifurika maji. Maziwa yalikaa pale katikati yakitoa mvuke, kama mgeni aliyekaa mbali na ugomvi.

Daktari alitumbukiza kipimajoto, akasoma, akasoma tena. "Yamefika," alisema. "Sasa yakae hivyohivyo kwa nusu saa. Lazima nusu saa kamili, mama. Una saa?"

Nyumba haikuwa na saa. Alikuwa na rozari. Akaketi kwenye kigoda kando ya mafiga, akaanza kusali kwa Kinyambo, bila haraka, mafumbo yote matano, na mwishoni akaongeza litania ya Bikira Maria, ile ndefu ambayo kila sifa hujibiwa "utuombee." Elieza ni Mlutheri, kwa hiyo mikono yake ilikuwa na nafasi ya kushika saa. Amina ya mwisho iliposemwa, alitangaza kwamba nusu saa imepita na dakika kadhaa juu. Akaomba aruhusiwe kuthibitisha mara ya pili. Ma Kokubanza alisali tena yote, akiwa na furaha dhahiri ya kumwona Mlutheri amekaa rozari mbili mfululizo.

Hivyo ndivyo njia ya sufuria mbili ilivyobuniwa. Mbunifu ni Kokubanza, mjane, mfugaji wa Kihanga. Mchango wa wataalamu ulikuwa kipimajoto kimoja, saa moja ya mkono, na mratibu mwenye tope hadi kwenye soksi. Kuhusu sentensi ya pili ya kijarida, sijui ni imani gani iliyoachwa. Tangu siku hiyo hadi ninastaafu, tone la maziwa ya nyumba ile halikugusa moto tena. Mama huyo hakuachana na kitu. Alikiweka alipokiweka daima, kisha akaupitisha ujumbe wetu pembeni yake.

Tulirekodi kipindi kipya wiki iliyofuata, na safari hii ugomvi ulikuwa makao makuu. Mhariri alikata rozari ikabaki sekunde ishirini. Nilimwandikia dokezo nikieleza kwamba mtazamaji ataelewa maziwa yanatosha kwa sekunde ishirini, na kwamba hapo tutakuwa tumeharibu kuliko mwanzo. Alinijibu kwa simu.

"Bwana Mratibu, nusu saa ya sala? Watazamaji watalala."

"Wakilala nusu saa huku sufuria iko jikoni," nilimwambia, "watakuwa wamefuata maelekezo."

Bi. Mwanaidi ndiye aliyetuamua. Alisema mwenye jiko mwenyewe aeleze. Tukarudi Kihanga kwa ajili ya maneno machache, na Ma Kokubanza akayasema mara ya kwanza bila kukosea, akitazama kamera moja kwa moja: "Hapa wamenikata kwa sababu wana haraka. Nyie msikate. Ukikata sala, umekata na dawa. Asiye na rozari atazame saa, nusu saa nzima." Mhariri hakufurahishwa na neno "haraka," lakini lilibaki.

Siku tuliyomaliza kurekodi, Ma Kokubanza alimwita Audax mbele yetu sote.

"Nenda Kaisho. Mwambie mkeo kuna sufuria ya pili. Mwambie arudi kwake."

Audax aliondoka kwa baiskeli ileile bila hata kunywa maji. Salehe alisema hajawahi kuona mtu akipanda kilima cha Kihanga kwa kasi ya kuteremka.

Jovina alirudi. Hospitali iliendelea kumpima, miezi ikapita, nami nilikuwa nikitafuta sababu za kikazi za kupita Kihanga, nyingine zikiwa dhaifu sana. Bihogo alipona, ingawa chuchu ile moja haikurudi kama zamani, na sikuwahi kusikia mtu akilitaja jambo hilo mbele yangu. Kisha asubuhi moja simu ya ofisi ililia, na sauti ya Ma Kokubanza, aliyekuwa haamini simu na kwa hiyo alipaza kana kwamba anaita kilima cha pili, ikanijulisha kwamba ni msichana, kwamba analia vizuri, na kwamba anaitwa Kokushima, yaani nitashukuru. Nilimwuliza uzito wa mtoto kwa ajili ya daftari. Akanijibu kwamba mtoto si gunia la kahawa, akakata simu.

Mtoto alipotimiza miezi sita, mkuu mmoja wa vipindi alikuja kutoka Dar es Salaam kurekodi maendeleo ya familia ile. Alikuwa mtu wa ratiba. Alitaka picha ya jikoni kabla mwanga haujabadilika, kisha gari liende Kaisho, kisha lirudi Kayanga. Tuliingia kwa Ma Kokubanza mchana, tukamkuta amekaa nje kivulini, miguu ameinyoosha, mikono haina kazi. Nilishangaa, kwa kuwa ilikuwa saa ya maziwa. Akaelekeza jikoni kwa kidevu.

"Maziwa ni ya mwenyewe siku hizi. Mwulizeni yeye."

Jovina alikuwa kwenye kigoda kando ya mafiga, sufuria ndani ya sufuria, mtoto mgongoni, rozari mkononi. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Salehe alitega kamera, akasema kwa adabu, "Mama Kokushima, geuka kidogo upande wa mwanga."

Hakugeuka. Aliinua kiganja kimoja, akakiacha hewani, kama askari wa barabarani.

"Jua linaondoka," mkuu alininong'oneza.

"Litarudi kesho," Ma Kokubanza alisema kutoka nje, kwa sauti ambayo haikuwa ya kunong'ona. "Kaeni chini. Yuko kwenye litania."

Mkuu wa vipindi alitafuta mahali, akakaa juu ya kasha la betri. Salehe akashusha mikono. Maji yalichemka, mvuke ukapanda, na hapana mtu aliyethubutu hata kukohoa. Mtoto alipiga chafya mgongoni kwa mama yake, na Jovina, macho yake yakiwa kwenye maziwa, akaijibu chafya ile kama sifa nyingine ya litania: "Utuombee."